Mwaka Ambao Sikupanda Paani

Wageni wakiambiwa kwamba paa la kanisa la Misheni linatunzwa na Mwislamu wa mtaa wa Ng'ambo, huitazama kofia yangu, kisha hulitazama kanisa, kisha huuliza kama nimewahi kufikiria kubatizwa. Nimechoka kuwajibu. Babu yangu alikuwa fundi, mapadri wa zamani walikuwa wanatafuta fundi, basi. Babu akamfundisha baba, baba akanifundisha mimi, nami nimezaa mabinti watatu ambao wote wameolewa na watu wa kukaa ofisini. Ufundi wa ukoo wetu umeishia hapo.

Kanisa lenyewe liko nje ya mji, ukishapita Itetemia, kando ya njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Lina umri wa miaka zaidi ya mia moja. Kwa nje kuta zake ni za tofali za kuchoma, lakini katikati ya ukuta wazee wale walijaza tofali mbichi na udongo, kwa sababu kuni ziliwaishia au nguvu ziliwaishia, sijui. Ukuta wa namna hiyo ukiwa mkavu hauna neno, utakuzika wewe na wajukuu wako. Ukinywa maji hauchukui muda.

Hatari yote iko mahali pamoja. Baada ya kanisa kukamilika waliongeza kikanisa kidogo ubavuni, nacho kikapewa paa lake. Pale mapaa mawili yanapokutana kuna mfereji mrefu wa bati ambao huuoni ukiwa chini. Baba alipaita kwapani, nami napaita hivyo hivyo. Kiangazi chote majani ya mijohoro huangukia humo, pamoja na vumbi na viota vya ndege, na mwaka mmoja nilitoa kandambili ya mtoto ambayo hadi leo sijui ilifikaje. Mvua ikikuta kwapani pameziba, maji hayana pa kwenda ila kuingia ukutani.

Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa kumi, kabla ya mvua, lazima mtu apande. Unapanda ngazi ya vipago kumi na tisa, unatambaa juu ya vigae, unazoa uchafu kwenye ndoo na kuishusha kwa kamba, unabadilisha vigae vilivyopasuka, halafu unamwaga maji uone kama yanatokea upande wa pili. Ukishashuka unapiga kengele mara tatu, moja moja, taratibu. Hilo halimo katika dini ya mtu yeyote. Babu aliomba ruhusa ya kuipiga ili bibi, aliyekuwa akikaa jirani na Misheni enzi hizo, ajue kwamba mumewe ameshuka mzima. Bibi alifariki, desturi ikabaki. Siku hizi watu wa pale wakiisikia husema paa limefungwa, na wanaanza kutafuta mbegu.

Sheria ya kazi hii ni moja, nayo aliiweka baba: hakuna kupanda bila mtu wa kushika ngazi. Kwa miaka ishirini na sita aliyenishikia ni Adelina Nibizi, mtunza sakristia, mwenye funguo zote za kanisa. Alizaliwa Ulyankulu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi, akaolewa huku na mumewe akafia huku. Mimi humwita Mama Irakoze, kwa jina la mwanawe wa kwanza, naye huniita Baba Najiat. Kila mwaka nikiweka mguu kwenye kipago cha kwanza huniuliza kama nimeshaandika wosia. Nami humjibu kwamba nimeandika, na yeye nimemwachia ngazi.

Sasa nina miaka sitini na tisa. Magoti yangu yalikwisha zamani, lakini magoti si tatizo, magoti yanauma tu. Tatizo lilianza mwaka jana. Nikiwa katikati ya ngazi niliona ukuta unazunguka. Nilisimama, nikajifanya nakagua vigae, mpaka dunia ikatulia. Kisha nikapanda, nikafanya kazi, nikashuka, nikapiga kengele. Sikumwambia mtu. Mke wangu Sikuzani aliniuliza jioni ile mbona niko kimya, nikamwambia jua lilikuwa kali.

Mwaka huu siku ya kupanda ilipofika niliamka nimechoka kabla sijafanya kitu. Nilipanda bodaboda hadi Misheni, nikaitoa ngazi stoo, nikaiegemeza ukutani na kukaa chini yake kumsubiri Mama Irakoze. Saa tatu simu ikalia.

"Baba Najiat, homa imenikamata," alisema. "Hata kutoka kitandani siwezi. Usipande leo. Acha kabisa."

"Pole, Mama Irakoze. Umekwenda kupima?"

"Nitakwenda. Wewe usipande tu."

Niseme ukweli: nilifurahi. Mtu anaumwa homa, mimi ninafurahi kama mtoto aliyesikia mwalimu hajaja. Nikakunja kamba yangu, nikaanza kuvuta ngazi kuirudisha stoo. Hapo ndipo alipotokea Padri Egidi akisukuma pikipiki yake. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mikono ya mtu aliyelima utotoni.

"Shikamoo, mzee Adinani."

"Marahaba, Padri."

"Kazi inakwendaje? Naona ngazi inashuka. Umemaliza?"

Ningemwambia kwamba Adelina anaumwa, najua angesema nini. Angeegesha pikipiki yake, akakunja mikono ya shati na kuniambia, haya mzee, panda, nakushikia mimi. Nami ningepanda, maana ningekosa la kusema. Ama ningelazimika kusema lile lililobaki, kwamba naogopa. Fundi Adinani, mwana wa fundi, mjukuu wa fundi, anaogopa ngazi. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili yangu.

"Nimemaliza," nikasema. "Leo niliwahi alfajiri."

"Mungu akubariki, mzee." Akawasha pikipiki akaenda zake mjini kwenye kikao.

Mtu akisema uongo mmoja hupata kazi ya kuutunza. Niliyazoa majani ya mijohoro yaliyokuwa yameanguka chini, nikayajaza kwenye ndoo, nikayamwaga mbele ya ofisi ya parokia mahali ninapoyamwaga kila mwaka ili yachomwe. Nikaongeza na vumbi kidogo ili yafanane na uchafu wa paani. Nilifanya hivyo kwa uangalifu, kama kazi ya kweli. Halafu nikaenda kwenye kengele nikaipiga mara tatu, moja moja. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani aliniambia ahsante.

Nilijiahidi kwamba wiki itakayofuata ningerudi na mtu, nimpandishe yeye, nami nimwelekeze kutoka chini. Wiki ikapita. Nilimpigia Mama Irakoze simu kumjulia hali, hakupokea. Nikapiga tena kesho yake, hakupokea. Nikajisemea kwamba bado anaumwa, nikaacha. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huridhika haraka na sababu yoyote.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Haikuwa ya kunyunyiza. Ilimwagika mpaka magharibi, na Ijumaa ikarudi mchana kutwa. Watu wa mtaani kwetu walitoa ndoo nje kukinga maji, wakifurahi. Mimi nilikaa barazani nikiangalia maji yakiruka kutoka kwenye mabati ya jirani, na kila yalivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kuliona lile kwapa limejaa. Sikuzani aliniletea chai, ikapoa mbele yangu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Misheni. Kanisa lilikuwa wazi, mama wawili wanapiga deki. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa upande wa kikanisa. Doa lilikuwa limeshuka kutoka darini hadi usawa wa kifua changu, jeusi, pana kuliko mkeka. Nikagonga chokaa kwa kifundo cha kidole, ikaitika kama debe tupu. Nikabonyeza mahali ambapo ilikuwa imepasuka, kidole kikaingia. Udongo wa ndani ulikuwa umekuwa uji.

Chini ya doa lile ndipo yalipo mabenchi ya kwaya. Kila Jumapili wanakaa pale watu thelathini, sauti ya kwanza wakiwa wameegemea ukuta wenyewe. Nilihesabu saa hadi misa ya kesho. Kama ningenyamaza, huenda ukuta ungevumilia wiki moja, hata mwezi. Huenda usingevumilia. Na kama ningesema, ingebidi niseme yote, maana hakuna mtu aliyesikia kengele ile ambaye asingeuliza maji yamepitia wapi. Miaka mia moja ya jina letu, na mimi ndiye wa kulimaliza.

Mmoja wa wale mama akaniuliza, "Mzee, hilo doa ni la nini?"

"Nalitazama," nikajibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyelileta. Nikatoka.

Sikuwa na ujasiri wa kwenda kwa Padri kwanza. Nilikwenda kwa Mama Irakoze, ambaye nyumba yake iko nyuma ya shule. Nilipiga hodi, nikamkuta sebuleni akipiga pasi vitambaa vya altare kwa pasi ya mkaa. Hakuonekana mtu aliyetoka kuumwa. Aliniangalia kwa uso ambao sikuuelewa, uso uliovimba, akanionyesha kiti.

"Mbona hupokei simu yangu?" nikamuuliza.

"Ulitaka niseme nini?"

Nikaona ananichunia, nikakasirika, na hasira ikanisaidia. "Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kukuambia jambo. Siku ile uliyoumwa, sikupanda."

"Hukupanda wapi?"

"Paani, Mama Irakoze. Sikupanda kabisa. Nilizoa majani ya chini nikampumbaza Padri, nikapiga kengele. Kwapani pameziba, maji yameingia ukutani, na kwaya inakaa pale kesho."

Aliiweka pasi juu ya kigae chake. Akakaa. Akafunika uso kwa ncha ya khanga yake, mabega yakaanza kutikisika. Nilijua analia kwa uchungu wa kanisa lake, na nilikuwa tayari anitukane. Miaka yote hii mwanamke huyu amefuta vumbi kila pembe ya jengo lile, anajua hadi kigae kipi cha sakafuni kinacheza.

"Asante, Mungu wangu," akasema ndani ya khanga. "Asante."

"Hujanisikia vizuri. Nimekwambia ukuta..."

"Nimekusikia." Akashusha khanga. Macho yalikuwa mekundu. "Baba Najiat, sikuwa naumwa."

Niliinuka kidogo kitini, nikakaa tena.

"Mwaka jana niliishika ngazi, nikaisikia inatetemeka," akasema. "Hakukuwa na upepo. Nikatazama juu. Ulikuwa umesimama pale katikati, umefumba macho. Ukaniambia unakagua vigae. Nani anakagua vigae amefumba macho? Nilimwambia mwenyekiti wa kamati ya ujenzi watafute mtu mwingine, wakuache upumzike. Akasema jambo hilo ni gumu, utaona umefukuzwa, na nani atakwambia? Wakaliacha. Nikakaa mwaka mzima nafikiri. Nikaona njia ni moja tu. Wewe hupandi bila mtu wa kushika ngazi, hilo nalijua. Nikajisemea, nisipokwenda hatapanda, siku zitasogea, watalazimika kumleta mtu."

"Ukanidanganya."

"Nikakudanganya. Halafu nikasikia kengele." Akapangusa macho kwa khanga. "Nikajua umepanda peke yako. Kwa ukaidi wako huo. Nilikaa hapa kwenye kiti hicho ulichokalia, nikasema mimi ndiye niliyemwacha bila mtu, kashuka salama kwa bahati tu, na mwakani atapanda peke yake tena kwa sababu ameona inawezekana. Nisingeweza kukwambia nilichofanya. Ndiyo maana sikupokea simu."

Sijui niseme nilihisi nini kwanza. Hasira ilikuwepo: kumbe watu walikuwa wananijadili kwenye vikao, wananionea huruma, na mimi natembea kifua mbele. Aibu ilikuwepo, nyingi. Na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine, kwamba mtu ambaye si mke wangu wala ndugu yangu alikuwa tayari kanisa lake lilowe, mradi mimi nisianguke. Sikujua nikiweke wapi kitu hicho.

"Mngeniambia," nikasema.

"Ungekubali?"

Nikafikiri nimdanganye. "Nisingekubali."

Alicheka kidogo, akapangusa pua. Kisha akasimama, akamwaga mkaa wa pasi, akachukua funguo. "Twende kwa Padri," akasema. "Kwaya haikai pale kesho."

Padri Egidi alitusikiliza bila kukatiza. Nilimweleza la kwangu, Mama Irakoze naye akaeleza la kwake. Akaenda kuutazama ukuta, akaubonyeza kama nilivyoubonyeza mimi, akairudisha mikono yake nyuma. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Aliwaita vijana wa parokia, wakatoa mabenchi yote nje, wakafunga maturubai kwenye uwanja wa shule, na mlango wa kanisa ukafungwa kwa kufuli. Mabenchi ya kwaya tu ndiyo waliyoyaacha, maana niliwakataza kusogea upande ule.

Tulipokuwa tunaagana Padri alinishika mkono. "Mzee, mimi kesho nitawaambia waumini kwamba ukuta umezeeka. Ndivyo ilivyo, una miaka zaidi ya mia. Hakuna atakayeuliza zaidi. Wewe umelitumikia kanisa hili kuliko wengi wanaosali humo."

Nilimshukuru. Nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kukataa.

Jumapili sikuwa na sababu ya kwenda, lakini nilikwenda. Nilivaa kanzu safi. Nilimkuta Mama Irakoze amesimama mbele ya mlango wa kanisa aliokuwa ameufungua, funguo mkononi, akanionyesha ndani kwa kidevu. Kipande cha ukuta kilikuwa kimeshuka. Hakikuwa kikubwa, tofali kama ishirini na gunia zima la udongo mbichi, lakini vyote vilikuwa juu ya mabenchi ya sauti ya kwanza. Benchi moja lilikuwa limevunjika katikati. Kwa tundu lililobaki niliona mwanga wa nje.

Tulikaa pamoja nyuma kabisa, chini ya turubai, kwenye benchi la shule. Kwaya iliimba vizuri. Nilimtazama msichana mmoja wa sauti ya kwanza, mnene kidogo, aliyekuwa akifumba macho kila wimbo unapopanda, na nikashindwa kumwondolea macho.

Mwishoni Padri akasoma matangazo. Alitaja jumuiya ya zamu, akataja ndoa mbili, halafu akakunja karatasi.

"Ndugu zangu, mmeona wenyewe kwa nini tuko nje leo. Ukuta wetu umezeeka. Una miaka mingi, na mvua ilikuwa kubwa. Hakuna wa kulaumiwa. Tumshukuru Mungu kwamba..."

Miguu yangu ilisimama yenyewe. "Padri, samahani," nikasema.

Watu wakageuka. Wengine walitabasamu, maana wananijua, walidhani nataka kutoa shukrani.

"Ukuta haujazeeka," nikasema. "Umesimama miaka yote hiyo, na ungesimama tena. Aliyezeeka ni mimi. Mwaka huu sikupanda. Niliogopa kupanda, nikaogopa kusema naogopa, nikapiga kengele mkaniamini. Mabenchi yale mngekuwa mmeyakalia."

Mtoto alilia mahali fulani, mama yake akamtoa. Yule msichana wa kwaya alinitazama, kisha akawatazama wenzake waliokaa kushoto na kulia kwake. Nilitaka kuongeza kwamba watafute mtu mwenye miguu, nami nitamwonyesha kila kitu nikiwa chini, lakini machozi yalinitoka mbele ya Wakristo wote wale, na sauti haikurudi.

Pembeni yangu benchi likalia. Adelina alikuwa amesimama, funguo zikiwa zimeshikwa kwa mikono miwili.

"Na mimi sikuwa naumwa," akasema, akakaa.

Watu walitazamana. Padri aliinamisha kichwa. Nadhani chini ya turubai lile hakuna mwingine aliyemwelewa ila mimi na Padri, nami nikakaa karibu na Adelina.